Mnyororo Uliopelekwa Kabambare

Benita alipopigiwa simu kwamba baba yake anakuja Kasongo kutazama makumbusho ya mzee Djamali, alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa uani na kusahau sufuria motoni mpaka sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikaungua.

Makumbusho yenyewe yalikuwa chumba kimoja tu, upande wa barabara wa nyumba ya mzee Djamali, baba wa mumewe. Mzee alianza kukusanya vitu vya kale siku alipowaachia wanawe duka la vitambaa. Humo mlikuwa na sinia za shaba, sanduku lenye misumari ya njano, mitungi, mbao ambazo watoto wa chuo cha Kurani waliandikia zamani, kofia ya askari wa Wabelgiji, na gobori ambalo mchwa walikuwa wamelila kitako chote. Walimu waliwaleta wanafunzi wao. Mara moja moja alikuja mgeni kutoka Kindu, akapiga picha, akashukuru, akaenda zake.

Nyuma ya mlango, juu ya msumari mkubwa, ulining'inia mnyororo wa shingo wa watumwa, wenye pete za chuma. Mzee Djamali hakuuficha, ila hakuusemea pia. Mtu akiuliza, alijibu, "Ile iko ya zamani," kisha akahamia kwenye sinia.

Benita ndiye aliyekuwa akikisafisha chumba kile. Yeye hakuwa mzaliwa wa Kasongo. Alikuwa Mubangubangu wa Wamaza, upande wa Kabambare, mtoto wa katekista, na alipokubali kuolewa na Sumaili, shangazi zake walimuuliza kama kweli anataka kulala katika nyumba ya watu waliowachukua babu zao. Neno hilo hakuwahi kulitamka mbele ya mkwe wake. Alizaa, alilea, alizoea. Kila wiki aliufuta ule mnyororo vumbi huku ameangalia pembeni.

Sasa baba yake alikuwa njiani. Mzee Salomon alikuwa ameacha kazi ya ukatekista, na chifu wa Kabambare alikuwa amemwazima stoo ya zamani ya pamba ili aifanye chumba cha historia. Alizunguka vijijini kwa pikipiki akiomba ngoma, mashoka, viti vya mababu. Hakuwahi kukanyaga chumba cha mzee Djamali. Alipokuja kwenye harusi alikaa uani, akala, akapanda pikipiki akarudi.

"Sitakaa sana, mwanangu," alimwambia kwenye simu. "Nitaona, halafu nitaomba kitu kimoja."

"Kitu gani, baba?"

"Nitakisema pale."

Benita alijua ni kitu gani; habari za mnyororo zilikuwa zimefika Kabambare.

Mzee Salomon alipofika, Benita alifanya kila hila ya kuchelewesha. Alimpeleka kwanza Tongoni, mahali mji wa zamani ulipokuwa kabla watu hawajahamia Kasongo ya leo. Walitembea katika majani marefu, wakaona vilima vya udongo vilivyokuwa kuta, na vipande vya vyungu vilivyotapakaa njiani. Baba yake alisimama mahali palipokuwa wazi na kuuliza, "Hapa ndipo walipokuwa wanawakalisha watu?" Benita akasema hajui. Alimpeleka kwenye makaburi ya zamani, kisha kwenye mnara wa wakoloni ambao maandishi yake yamefutika. Mzee Salomon alitazama kila kitu kwa adabu, mikono nyuma. Kisha akasema:

"Benita, unanizungusha kama mbuzi. Twende kwa mukwe."

Mzee Djamali alikuwa amevaa kanzu safi na kufungua madirisha yote mawili ya chumba. Aliwaonyesha sinia, sanduku, mitungi. Alieleza vizuri, lakini sauti yake ilikuwa ya juu kuliko kawaida, na Benita, aliyekuwa ameegemea ukuta, aliona kidole chake kikigongagonga ukingo wa sanduku. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akausukuma mlango polepole mpaka ukafungika, na mnyororo ukabaki mbele yao.

Nje mtu alikuwa anauza mafuta ya mawese kwa kelele.

"Mukwe," alisema mzee Salomon, "hii ndiyo imenileta. Kule Kabambare niko na ngoma, niko na viti. Lakini watoto wananiuliza, hawa babu walienda wapi? Sina kitu cha kuwaonyesha. Nakuomba huu mnyororo. Na ukiogopa jina, mimi sitataja nyumba. Nitasema umetoka Kasongo, basi."

Benita alimtazama mkwe wake. Akikataa, baba ataondoka bila kula na hatarudi tena. Akikubali kwa hasira, yeye Benita ndiye atakayebaki ndani ya nyumba na hasira hiyo.

Mzee Djamali alikaa kwenye sanduku la misumari, jambo ambalo alimkataza kila mgeni.

"Miaka yote hii nangoja mutu aniulize," alisema. "Wanauliza sinia." Akapangusa uso kwa kiganja. "Chukua. Lakini jina liandike. Nyumba ya Djamali, Kasongo. Mutu wa kule akitaka kuuliza kitu, ajue mlango gani wa kugonga."

"Baba!" Benita alijikuta amesema. Jina hilo lilikuwa la watoto wake pia. Mwanawe Amani alikuwa anaanza shule ya sekondari na watoto wa kila kabila. Alishika mdomo wake.

Mzee Djamali alimgeukia. "Mama Amani, sikupi mzigo. Nakuomba. Baba yako nampa, lakini mkono utakaoutoa kwetu uwe wako. Uupeleke wewe mpaka kule. Mimi nikienda, nitasimama mbele ya wale watu niseme nini?"

Sumaili alikuwa Kindu kununua bidhaa. Aliposikia, alipiga simu mara moja. "Usiende. Njia ya Kabambare haiko sawa sasa. Watu wanachukuliwa mashambani na wenye silaha."

"Baba ameshaniomba. Baba zangu wote wawili."

Sumaili akakubali. "Basi kila mtandao ukipatikana, unipigie."

Waliondoka alfajiri na Bulaimu, dereva wa pikipiki ambaye familia ilimwamini. Mzee Salomon alikaa katikati, Benita nyuma, na mnyororo ulikuwa ndani ya gunia la mchele, umefungwa kwa mpira juu ya tairi la nyuma. Kila pikipiki iliporuka shimo, chuma kililia. Benita alijaribu kulizuia gunia kwa mkono mmoja, lakini sauti ile ilitoka tu, kriin, kriin, na watu waliokuwa wanaenda mashambani waligeuka kuwatazama.

Njia ilikuwa mbaya kuliko alivyoikumbuka. Mvua ilikuwa imechimba mifereji katikati ya barabara, na mara kwa mara ilibidi washuke, Bulaimu asukume, wao wafuate kwa miguu ndani ya tope jekundu. Walipishana na wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wanaelekea Salamabila, wamebeba magodoro na majembe. Mmoja aliwaambia bila kusimama, "Huko mbele wamechukua tena watu. Angalieni." Baada ya hapo Bulaimu hakuimba tena.

Bariera, kizuizi cha barabara, ilikuwa mwanzo wa kijiji kimoja: mti mmoja juu ya mapipa mawili, na vijana wa ulinzi wa kijiji wamekaa kivulini. Wengi walikuwa na mapanga. Mkubwa wao, mwanaume mnene aliyeitwa Ngoy, alikuwa na bunduki ya kutengenezwa kienyeji. Aliomba kadi zao za kura, akazisoma polepole, akazirudisha. Benita alianza kupumua. Kisha Ngoy akaligusa gunia kwa mguu.

Kriin.

"Kuko nini mu hii gunia?"

"Kitu cha makumbusho, chef," alisema mzee Salomon.

"Fungua."

Bulaimu alilegeza mpira. Gunia lilianguka, na mnyororo ukamwagika barabarani, pete moja baada ya nyingine, kama kitu kilicho hai. Vijana wote walisimama.

"Minyororo!" mmoja alipiga kelele kuelekea kijijini. "Tumewakamata! Wako na minyororo ya kufungia batu!"

Benita aliona watu wakitoka kila upande, wanaume, wanawake na miche ya kutwangia mikononi, watoto wakivutwa nyuma. Ngoy alikuwa ameshachukua funguo za pikipiki na kuzitia mfukoni.

"Chef, sikiliza," alisema mzee Salomon, akainua mikono yote miwili kama aliyekuwa anahubiri. "Hii haiko ya leo. Ni ya utumwa. Walikuwa wanafunga watumwa..."

"Mumesikia? Amesema mwenyewe! Watumwa!" alidakia kijana mmoja.

"Baba, nyamaza," Benita alimnong'oneza. "Nakuomba, nyamaza."

Mtu alimsukuma Bulaimu akaanguka juu ya pikipiki yake. Mwingine alimshika mzee Salomon kwenye ukosi wa shati. Ngoy aliinua mnyororo kwa mikono miwili, akaupima uzito, akasema, "Kama iko ya kufunga batu, tutaona kama inafunga. Mzee, kuja hapa."

"Hapana!" Benita alijitia katikati. Hakujua nguvu zimetoka wapi. "Usiiweke kwa shingo ya baba yangu. Jaribu kwanza kuifungua. Fungua moja tu, chef. Ukiweza kuifungua, mutufanye munavyotaka."

Alipokwisha kusema, aliogopa alichosema. Je, ikifunguka? Kwa miaka yote aliufuta vumbi tu, hakuwahi kujaribu.

Ngoy alichuchumaa, akashika pete ya kwanza na kuivuta. Haikusogea. Aliomba panga, akaipiga bawaba ya pete kwa mgongo wa panga mara kadhaa. Kutu iliruka na kumwingia jichoni, akatukana. Alijaribu ya pili. Chuma kilikuwa kimeshikana na kuwa kitu kimoja, kama kimeyeyuka.

"Imeoza," alisema kijana mmoja kwa sauti ya chini.

"Kuoza si kitu," alisema mwingine. "Wataipeleka kwa fundi."

Na hapo watu wakaanza tena, kila mtu na neno lake, na Benita aliona kwamba jambo lile lingeweza kuangukia upande wowote. Ndipo mwanamke mmoja aliyevaa kitenge cha kijani alipopenya katikati. Watu walimpisha kwa namna ambayo watu humpisha mfiwa.

"Nsimire, rudi nyumbani," Ngoy alimwambia kwa upole. "Tutakuita."

"Nataka kuona."

Baadaye Benita angeelezwa kwamba mwanamke huyo alitoka Kivu kufanya biashara ya samaki kwa wachimbaji, na kwamba binti yake, Emmanuella, alichukuliwa shambani wiki ile pamoja na wanawake wawili. Pale barabarani alijua tu kwamba uso ule haukuwa umelala. Nsimire alipiga magoti. Aliushika mnyororo na kuupitisha mikononi, pete kwa pete, mpaka akafika mwisho. Pete ya mwisho ilikuwa ndogo kuliko zote. Benita aliifahamu, siku zote alidhani ni ya kufungia mnyororo kwenye mti.

Nsimire aliizungushia viganja vyake viwili, vidole vikagusana, kama mama anayemfunga mtoto kifungo cha shingoni kabla ya kwenda shule.

"Hii iko ya mutoto," alisema.

Waliokuwa karibu walisogea. Hata Ngoy aliinama kuangalia.

Benita alikaa chini kwenye tope. Mikono yake ilikuwa imeishika pete ile mara ngapi, kwa kitambaa, kwa maji ya sabuni?

"Alikuwa nani?" Nsimire alimuuliza. Hakuuliza kwa hasira.

"Hatujui, dada."

"Alirudi kwao?"

"Hatujui."

Nsimire aliuweka mnyororo chini taratibu. Alisimama, akamgeukia Ngoy.

"Waliochukua mwanangu walikuwa na pikipiki, na walitumia kamba ya nailoni. Nilikuta kipande kule shambani, kiko nyumbani, wewe mwenyewe ulikiona. Mutu wa kuiba batu atabeba chuma nzito hivi juu ya pikipiki, ilie njia yote, apite mbele yenu muchana? Waache."

Ngoy alitazama watu, akatazama mzee Salomon ambaye ukosi wake ulikuwa umechanika. Kisha akatoa funguo mfukoni na kuzitupa kwa Bulaimu. Hakuomba radhi. Alisema tu waondoke kabla watu hawajabadili mawazo, na kwamba safari nyingine watangulize simu.

Benita aliomba namba ya Nsimire. Nsimire aliitaja huku akitazama njia ya shambani, na Benita aliiandika kwenye simu, akakosea, akaandika upya.

Walifika Kabambare jua likiwa bado juu. Waliingia kwenye stoo ya pamba. Hapo mzee Salomon aliketi kwenye kimoja cha viti vyake vya kale na kulia, uso kwenye magoti. Benita hakuwahi kumwona baba yake akilia. Alimletea maji. Kisha yeye na Bulaimu walitafuta msumari, wakauweka mnyororo ukutani, chini kabisa, ili pete ndogo ikae kwenye urefu wa mtoto. Chini yake mzee Salomon aliandika kwa rangi nyeupe mahali ulipotoka, na nyumba iliyoutoa. Kuhusu pete ya mwisho aliandika kwamba ilivaliwa na mtoto, na jina lake halijulikani.

Benita aliporudi Kasongo, mkwe wake alimuuliza safari ilikuwaje. Alimwambia yote. Mzee Djamali alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai ambayo hakuinywa. Benita alipofika kwenye habari ya pete ndogo, mzee alisema, "Hata mimi sikuiona," akainuka, akaingia chumbani kwake.

Wiki zilizofuata Benita aliishi na simu mkononi. Alimpigia Nsimire karibu kila siku. Mara nyingi mtandao haukuwepo. Ukiwepo, Benita aliuliza neno moja na kujibiwa neno moja. "Bado?" "Bado." Kisha Nsimire angeuliza habari za watoto wa Benita, mmoja mmoja, na Benita angejibu kwa aibu kwamba wazima. Simu ikilia asubuhi sana, aliikimbilia. Alianza kumsindikiza Amani mpaka mlango wa shule, na Amani alilalamika kwamba wenzake wanamcheka.

Siku moja, Benita akiwa sokoni, Nsimire alipiga mwenyewe.

"Amerudi."

Benita aliacha nyanya mezani. "Mzima?"

"Anatembea. Miguu imevimba. Walitoroka na mama mmoja, yule mwingine hatujui. Hasemi sana. Nampeleka hospitali Kabambare."

Ilikuwa ni juma lile lile ambalo mzee Djamali alikuwa amesema, kwa ghafla, mbele ya wali, kwamba anataka kwenda kuona chumba cha mkwe wake. Sumaili alikataa, Benita alisita, lakini mzee alikuwa ameshaongea na Bulaimu. Safari hii walikwenda kwa pikipiki mbili, na walitanguliza simu kwa Ngoy. Mti wa bariera uliinuliwa kabla hawajafika. Hata hivyo Benita alifumba macho walipopita.

Mzee Salomon aliwapokea nje ya stoo. Alimletea mkwe wake maji ya kunawa, akamkalisha kwenye benchi la ukutani, akamuuliza kama angependa kuingia sasa au baada ya kupumzika. Mzee Djamali alisema apumzike kwanza. Akapumzika. Wanafunzi waliingia na kutoka wakiongea kwa minong'ono, na baadhi yao walimtazama yule mzee mwenye kofia nyeupe. Kila mtoto aliyetoka, yeye aliinamisha kichwa. Aliuliza saa ya sala, akasali, akarudi kukaa palepale. Benita alijua kwamba haogopi chumba. Anawaogopa wale watoto, wasije wakamuuliza kitu.

Alasiri Nsimire alikuja kutoka hospitali na binti yake. Emmanuella alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa viatu vya plastiki vilivyokatwa mbele ili vidole vipate nafasi. Alisalimia bila kuinua macho. Nsimire alitaka amwonyeshe tu zile ngoma, apate kufurahi kidogo. Msichana alifika kizingitini, akaona mnyororo kwenye ukuta wa ndani, akasimama.

"Hapana, mama."

"Ngoma tu, mwanangu. Ziko upande huu."

"Hapana."

Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na pumzi zake zilisikika mpaka kwenye benchi. Benita alinyanyuka, hakujua afanye nini, akakaa tena.

Mzee Salomon alitoka ndani. Hakumbembeleza mtoto. Aliwaambia wanafunzi waliobaki kwamba leo basi, warudi kesho, akavuta mlango na kuufunga kwa kufuli. Mwalimu wao alipinga kwamba wametoka mbali. "Kesho," alisema mzee Salomon.

Mzee Djamali ndiye aliyesogea kwenye benchi, akajibana ukutani kabisa, akakunja kanzu yake ili nafasi iwe kubwa.

"Kaa hapa, binti," alisema. "Hata mimi bado sijaingia."

Emmanuella alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu afike alimtazama mtu, kisha akakaa ukingoni. Nsimire alikaa upande mwingine. Bulaimu alikwenda kununua mahindi ya kuchoma kwa mama mmoja aliyekuwa ng'ambo ya barabara, akagawa. Msichana alikula polepole, punje kwa punje, na pikipiki ilipopita aliacha kutafuna mpaka sauti yake ilipopotea kabisa. Hakuna aliyemwambia asiogope. Walingoja pamoja naye, wote, kila pikipiki ilipopita.